Mwangwi Utokao Sikioni

Mtu akisimama wakati wa magharibi katika mashamba ya Mgeta, au katika njia ipandayo kutoka mjini Morogoro kwenda Morningside, aweza kusikia maneno ya watu walio ng'ambo ya bonde, wala asiwaone. Mama amwita mwanawe arudishe mbuzi, mtoto aitikia, na sisi tulio mbali twasikia yote mawili kana kwamba twasimama uani kwao. Sababu yake si siri. Jua likichwa, hewa ya bondeni hupoa kuliko hewa iliyo juu yake, na sauti, badala ya kupaa na kupotea, huinama ikarudi chini kwetu. Tena mtu akiita kwa nguvu huku akielekea genge, milima ya Uluguru humjibu kwa sauti yake mwenyewe. Huo ndio mwangwi.

Mara nyingi tumewatoa darasani vijana wa chuo chetu cha walimu, tukawapeleka mbele ya genge, tukawaambia wapige kofi moja na kuhesabu. Sauti huenda hewani mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde moja. Basi mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, genge li umbali wa mita 340, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi. Hesabu hii huwapendeza vijana kuliko nyingi za kitabuni, maana wamepima mlima bila kuukanyaga.

Leo, wasikilizaji wetu, tumekusudia kusimulia habari ya mwangwi mwingine, mdogo mno, ambao haukutambuliwa kwa yakini na mtu yeyote hata mwaka 1978, ilhali ulikuwa ukitoka katika masikio ya watu tangu hapo kale. Kwa karne nyingi wanavyuoni walidhani ya kuwa sikio ni kama mtungi uliowekwa chini ya mchirizi wa bati: mvua ikinyesha hupokea, isiponyesha hukaa kimya. Kumbe sivyo. Na kosa hilo halikuwa la wanavyuoni peke yao. Hata sisi walimu tulishiriki, kama tutakavyokiri baadaye.

Tuanze mlangoni. Sikio la nje, lile tulionalo, ni kombe la kukusanyia sauti. Ndani yake pana tundu, na mwisho wa tundu pana ngozi nyembamba iitwayo kiwambo, yenye upana usiozidi wa ukucha wa kidole kidogo. Aliyekipa jina hilo hakukosea, maana kimewambwa hasa kama ngoma. Kila mpiga ngoma ajua ya kuwa ngozi iliyolegea haitoi mlio. Ndiyo sababu huipasha ngoma moto kabla ya kuanza kuchezwa. Kiwambo cha sikio nacho chataka kukazwa kwa kiasi, na hewa ya pande zake mbili iwe sawa. Msafiri ashukaye kwa gari kutoka Mgeta hadi Morogoro huona masikio yake yameziba; akimeza mate, pa! yamezibuka. Hapo hewa imepita katika mrija mdogo utokao kooni hata nyuma ya kiwambo, mrija ulioelezwa na Bartolomeo Eustachi, Mwitalia wa karne ya 16, na mpaka leo waitwa kwa jina lake.

Nyuma ya kiwambo imo mifupa mitatu midogo iliyoshikamana, nayo hufananishwa na nyundo, na fuawe, na kikuku cha kupandia farasi. Hicho kikuku urefu wake ni milimita 3 tu, wala hapana mfupa mdogo kuliko huo katika mwili wa mwanadamu. Kazi ya mifupa hii ni nini? Hapo ndipo Domenico Cotugno, tabibu wa Napoli katika karne ya 18, alipotufungua macho. Kabla yake wengi waliamini kwamba ndani kabisa ya sikio mna hewa. Yeye akaonyesha ya kuwa mna maji. Sasa, kijana aliyepiga mbizi mtoni hasikii vizuri kelele za wenzake walio ukingoni, maana sauti ya hewani ikiugonga uso wa maji, katika sehemu 1,000 za nguvu yake, 999 hurudi ilikotoka. Sikio lingekuwa na hali hiyo hiyo kama si hiyo mifupa. Kiwambo ni kipana mara 17 hivi kuliko dirisha dogo linalosukumwa na kikuku. Basi nguvu yote iliyoenea kiwamboni hukusanyika mahali padogo, kama vile pigo zima la nyundo likutanavyo katika ncha ya msumari. Hivyo sauti huingia majini.

Chumba hicho chenye maji kimejiviringa kama nyumba ya konokono, mizunguko miwili na nusu, na kama kingenyoshwa kisingezidi milimita 35 sana. Humo ndimo fumbo lilimokaa. Mfaransa mmoja, Joseph-Guichard Du Verney, aliandika kitabu kizima juu ya sikio mwaka 1683, akakisia ya kuwa sauti nene na sauti nyembamba zina mahali pake mbalimbali katika konokono huyo. Mwaka 1851 Alfonso Corti, akitumia hadubini, akaona safu za seli zenye vinywele vidogo zimepangwa juu ya utando, kutoka mwanzo wa konokono hata mwisho. Kisha Hermann von Helmholtz, Mjerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1863, akasema: tazameni kinanda, ukiufungua mfuniko na kuimba ndani yake, nyuzi zenye sauti ile ile hutikisika zenyewe, na zile nyingine hunyamaza. Sikio nalo, alidhani, lina nyuzi zake, nyembamba karibu na mlango na nene huko ndani.

Lilikuwa wazo zuri, nalo halikuwa mbali na kweli. Walakini nani aliyeona? Mtu wa kwanza kuona alikuwa Georg von Békésy, mzaliwa wa Budapest, ambaye hakuwa tabibu bali fundi wa elimu ya sauti katika maabara ya posta na simu ya Hungaria. Wakubwa wake walitaka kujua ni sehemu gani ya simu ifaayo kutengenezwa vizuri zaidi. Naye akaona haiwezekani kujua hayo pasipo kulijua sikio litakalosikiliza. Basi akapasua masikio ya maiti, akatia unga laini wa kung'aa, akatazama kwa hadubini huku akipiga sauti kali sana. Aliona wimbi likikimbia juu ya utando, mfano wa mtu atikisaye kamba ndefu: likaenda likikua, likafika kilele chake mahali fulani, kisha likafa. Sauti nyembamba wimbi lake huinuka karibu na mlango; sauti nene husafiri mpaka ndani kabisa. Habari hizo alianza kuzitangaza mwaka 1928. Baadaye alitazama masikio ya wanyama wengi, hata la tembo. Na mwaka 1961 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kazi hiyo ni kubwa, wala hatuna nia ya kuipunguza. Lakini aliyoyatazama yalikuwa masikio ya wafu, na wimbi aliloliona lilikuwa pana, limelala, kama mgongo wa kilima. Wimbi pana namna hiyo lingewezaje kutenga sauti mbili zilizokaribiana sana? Mwimbaji wetu wa kwaya akipotoka kidogo tu, waumini wote hugeuza shingo.

Swali hilo lilimsumbua kijana mmoja mzaliwa wa Vienna, jina lake Thomas Gold, aliyekuwa Cambridge huko Uingereza. Wakati wa vita ya 1939 hadi 1945 alifanya kazi ya rada, kwa hiyo aliijua redio vema, ile ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo. Mwaka 1948, pamoja na mwenzake R. J. Pumphrey, alitoa maelezo yake. Nasi tutayaeleza kwa mfano wa kwetu. Chukua zeze, upige uzi wake: wavuma kwa muda. Sasa lizamishe zeze hilo katika karai la maji, upige tena: uzi wasema "du" na kufa papo hapo, maana maji yameunyang'anya nguvu. Nyuzi za sikio zi majini siku zote. Basi kama zaweza kuchagua sauti kwa ukali tuuonao, alisema Gold, hapana budi pawepo kitu kinachozirudishia nguvu kila mara, kama zilivyofanya redio za zamani zilizorudisha sehemu ya umeme wake mwanzoni ili kuikuza sauti hafifu. Tena akaongeza jambo la ajabu: redio za namna hiyo, zikizidishiwa kiasi, zilikuwa zikipiga yowe zenyewe. Hata leo kila mtu aliyehudhuria mkutano amesikia kipaza sauti kikilia "wiii" msemaji anapokikaribia mno. Basi na sikio, kama latumia njia hiyo, huenda siku moja likasikiwa likitoa sauti!

Hakuna aliyemsikiliza. Ilionekana ni dhihaka kusema kwamba sikio latoa sauti, mbele ya mtu kama Békésy aliyekwisha kuliona wimbi kwa macho yake. Gold akaacha mambo ya masikio, akaenda zake katika elimu ya nyota, na huko alipata sifa. Twaona hapa si kosa la mtu mmoja. Wengine walikuwa na ushahidi wa macho. Yeye alikuwa na hoja tu. Na wakati ule macho ndiyo yaliyoshinda.

Ikapita miaka 30. Mwaka 1978 David Kemp, mwanachuoni wa London, akatangaza jambo alilolipima. Alitia katika tundu la sikio kifaa kidogo chenye vitu viwili: cha kutoa sauti na cha kunasa sauti. Akapiga mlio mfupi, "tik", kisha akangoja. Kama mlio ungegonga kuta za tundu lile dogo na kurudi, ungerudi mara moja, kwa kuwa hapana genge la mbali humo. Lakini baada ya kitambo cha sehemu chache za elfu za sekunde, sauti nyingine ikatoka, hafifu sana, ikitokea ndani ya konokono. Ulikuwa mwangwi, walakini si mwangwi kama wa genge la Uluguru, ambalo halina la kufanya ila kurudisha lililopewa. Huu ulitolewa na sikio lenyewe kwa nguvu zake, na masikio yaliyoharibika ndani hayakuutoa. Gold alikuwa amesema kweli.

Miaka michache baadaye ikajulikana ni nani afanyaye kazi hiyo. Seli zile za vinywele alizoziona Corti zi za aina mbili. Zile za ndani ni safu moja, kama 3,500 katika kila sikio, nazo ndizo zipelekazo habari katika ubongo kwa mshipa wa fahamu. Zile za nje ni safu tatu, kama 12,000, na kwa muda mrefu haikujulikana zina faida gani, maana hazipeleki habari nyingi. Mwaka 1985 William Brownell, Mmarekani, pamoja na wenzake, alionyesha ya kuwa seli ya nje ikipata umeme hujinyosha na kujikunja. Ni sawa na ngoma zetu: yupo mwimbaji, na wapo waitikiaji. Sauti hafifu ikiingia, waitikiaji huruka pamoja nayo, na wimbi lile pana la Békésy hukua mara mia na zaidi, likawa na kilele chembamba. Kwa sababu hiyo twaweza kusikia sauti ndogo ambayo hukitikisa kiwambo chini ya upana wa atomu moja. Mtu akifa, waitikiaji hunyamaza.

Tumesema juu ya sikio moja. Je, mbona tumepewa mawili? Mwaka 1907 garimoshi lilifika Morogoro kwa reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mlio wake ukaanza kupiga milimani na kurudi. Mwaka huo huo, Lord Rayleigh wa Uingereza alichapisha maelezo jinsi mtu ajuavyo upande sauti itokako. Sauti nyembamba huzuiwa na kichwa, hivyo sikio la upande wa pili hupata kidogo. Sauti nene huzunguka kichwa, lakini huchelewa. Na ubongo hupima kuchelewa huko, ijapokuwa hakuzidi sehemu 7 za elfu kumi za sekunde. Mwaka 1949 wataalamu wa Marekani na wa Ujerumani wakaonyesha kwamba sauti ifikayo kwanza ndiyo iaminiwayo, na zile zigongazo ukuta na kufuata upesi huunganishwa nayo. Kwa hiyo nyumbani mwetu hatusikii mwangwi ingawa umo tele. Wa milimani huchelewa mno, ndipo twausikia peke yake. Yupo ndege asiyepatikana duniani pote ila katika misitu ya Uluguru, ambaye wanavyuoni humwita Malaconotus alius. Hukaa juu katika majani ya miti mirefu, na wamtafutao humpata kwa masikio kabla ya macho.

Jinsi ubongo unavyotenga sauti ya rafiki katika makelele ya soko ni habari ndefu, nasi tutaipita. Yatupasa kusema juu ya madhara.

Kitu kifanyacho kazi chaweza kuchoka, na chaweza kufa. Aliyepata kunywa kwinini kwa ajili ya malaria ajua uvumi ule wa masikioni, kama mdudu aliyefungiwa chupani. Mara nyingi huondoka dawa ikiisha. Dawa ya streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943, iliwaokoa wengi na kifua kikuu, lakini baadhi yao iliwaua zile seli za vinywele, nao wakatoka hospitali wazima wa mapafu na viziwi. Makelele makubwa ya siku nyingi hufanya vivyo hivyo. Na seli hizo kwa mwanadamu hazioti tena. Kwa kuku huota! Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walitangaza ya kuwa ndege aliyepoteza seli hizo hupata nyingine mpya. Tunakiri kwamba tangu tuliposoma habari hiyo twamtazama jogoo kwa wivu kidogo.

Je, uzee peke yake huondoa kusikia? Samuel Rosen, tabibu wa masikio kutoka New York, alikwenda kwa Wamabaan, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, karibu na mpaka wa Ethiopia, watu walioishi mbali na mashine na bunduki. Mwaka 1962 yeye na wenzake walichapisha kwamba wazee wa huko walisikia vizuri sana kuliko wazee wa Marekani. Wengine wamepinga, wakisema umri wa mzee asiye na cheti cha kuzaliwa ni jambo la kukisia. Sisi twaona shaka hiyo ina haki. Hata hivyo yeyote aliyefanya kazi mwaka mzima karibu na mashine ya kukoboa atamwamini Rosen upesi.

Kwa watoto adui mkubwa ni usaha wa sikio, ambao usipotibiwa hutoboa kiwambo. Wazazi wengi husema utakwisha wenyewe. Na hapa twaja kwenye ungamo letu. Zamani, tulipokuwa tungali walimu wapya katika shule moja ya milimani, tulikuwa na mtoto akaaye benchi la nyuma. Wakati wa kiangazi alijibu vizuri. Masika yalipoingia, mvua ikapiga mabati, akawa kama si yeye. Ukisema "sindano" aliandika "shindano". Tulimwita mzembe, tukamwadhibu mbele ya wenzake, zaidi ya mara moja. Siku moja tuliuliza swali huku tukiandika ubaoni, mgongo wetu ukiwaelekea, na yeye peke yake hakuinua kichwa. Hapo tukafahamu kwamba muda wote alikuwa akisoma midomo yetu. Sikio moja lilikuwa limetoboka, na la pili lilikuwa likitoa usaha. Hakuwahi kutuambia, kwa kuwa hakujua ya kuwa wengine wasikia zaidi yake.

Kwa wale wasiosikia kabisa, shule ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na nyingine Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Tangu mwaka 2017 hospitali ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza kifaa ambacho huingiza nyaya nyembamba katika konokono na kuuamsha mshipa wa fahamu kwa umeme, seli zilizokufa zikiachwa kando. Na mpango wa nyaya hizo ni ule ule, sauti nyembamba mlangoni na nene ndani. Matabibu hupenda kifaa hicho kipandikizwe mapema, mtoto angali akijifunza maneno. Lakini mtoto mchanga hawezi kuulizwa kama asikia. Ndipo mwangwi wa Kemp ulipopata kazi yake: mtoto amelala mapajani mwa mama, kifaa kidogo chatiwa sikioni, "tik" yapigwa, na mashine yangoja jibu. Mtoto hata haamki.

Mashine hizo haziko katika kila zahanati ya milimani. Basi kila mwaka shule zikifunguliwa twawafundisha vijana wetu wa chuo njia isiyo na gharama. Mwalimu humsimamisha mtoto mbele yake, amgeuzie mgongo ili asione midomo. Mtoto huziba sikio moja kwa kidole. Mwalimu, akiwa nyuma yake umbali wa mkono mmoja, hutoa pumzi, kisha hunong'ona tarakimu tatu, na mtoto huzisema. Halafu sikio la pili, kwa tarakimu nyingine. Asiyeweza huandikiwa barua ya kwenda hospitali, na siku hiyo hiyo huhamishiwa benchi la mbele, upande ule ambao sikio lake zuri litamwelekea mwalimu.